Taa ya Upepo Ikiwaka, Simama Kwanza

Kazini umezoea kutii taa. Taa nyekundu ikiwaka kwenye kompresa, unazima mashini na unaita fundi. Taa ya hatari ikizunguka mahali pa kupakia mawe, unarudi nyuma bila kuuliza. Hakuna mtu anayesema: «Acha, nitaangalia kesho.» Umejifunza kwamba taa ni mdomo wa mashini, na mashini haisemi bure.

Lakini saa ya kazi ikiisha, unavua kofia ya kazi, unapanda gari lako, unawasha, na mbele yako taa moja ndogo ya njano inabaki kuwaka. Unaiangalia. Gari linatembea. Usukani hautikisiki. Basi unasema: «Ni taa tu,» na unaenda. Kesho inawaka tena. Juma zima inawaka. Mwisho macho yako hayaioni tena.

Ukurasa wetu wa leo ni juu ya taa hiyo, taa ya upepo wa mipira. Tutaeleza inasema nini, kwa nini inawaka, na wewe ufanye nini kusudi wewe na jamaa yako mfike salama.

INAFANANA NA NINI?

Tazama mbele ya shofere, pale unaposoma mbio na mafuta. Taa hiyo ni picha ya mpira wa gari uliokatwa katikati. Inafanana na chungu kisicho na kifuniko, chenye meno madogo chini yake, na ndani ya chungu kuna alama ya mshangao (!). Rangi yake ni njano. Magari mengine yanaonyesha herufi TPMS, na mengine yanakuandikia upepo wa kila mpira kwa namba.

Rangi ya njano ina maana yake. Nyekundu inasema: «Simama sasa hivi, gari linaharibika.» Njano inasema: «Kuna jambo, litafute upesi.» Lakini kwa mipira, kati ya njano na ajali hakuna taa nyingine. Hutaona nyekundu. Baada ya njano ni mlio wa mpira kupasuka.

ILITOKA WAPI?

Wazee wetu waliendesha malori miaka mingi bila taa hii. Kwa nini basi iliwekwa?

Katika mwaka 2000, huko Marekani, kampuni ya Firestone iliitisha irudishwe mipira karibu milioni 6,5 iliyokuwa imekwisha kuuzwa. Ngozi ya juu ya mipira hiyo ilikuwa inabanduka gari likiwa katika mbio, zaidi kwenye magari ya Ford Explorer, na magari yalipinduka. Watu zaidi ya 200 walikufa. Kampuni hizo mbili zilibishana sana kosa ni la nani, na jambo moja waliloligombania lilikuwa upepo: Ford ilikuwa imeshauri upepo kidogo, kama bari 1,8 tu. Mwaka uleule bunge la Marekani lilipiga sheria kwamba magari mapya yawe na chombo cha kumwonya shofere upepo ukipungua. Toka Septemba 2007 magari madogo yote mapya ya huko yalipaswa kuwa nacho. Ulaya ilifuata: toka Novemba 2014 kila gari dogo jipya linalouzwa huko linacho.

Kwa hiyo ujue kwamba taa hii haikuwekwa kwa urembo. Nyuma yake kuna makaburi.

Kwetu Katanga magari mengi yanafika yakiwa yametumika kwanza mahali pengine. Yale ya miaka ya karibuni yenye kutoka Ulaya yana taa. Mengi yenye kutoka Japani kwa njia ya Dar es Salaam hayana, sababu huko hawakulazimishwa kuyawekea. Je, lako linayo? Geuza ufunguo bila kuwasha mota. Taa zote za mbele zinawaka kidogo, kisha zinazimika moja moja. Kama taa ya upepo ni kati yao, unayo. Kama kitabu cha gari kinasema iko, lakini haiwaki hata kidogo unapogeuza ufunguo, basi imekufa, ao mtu aliyekuuzia gari aliizima kusudi usiione. Mtu mwenye kutaka kununua gari la mtumba asisahau kufanya jaribio hili.

INAJUAJE KWAMBA UPEPO UMEPUNGUA?

Kuna namna mbili.

Namna ya kwanza: ndani ya kila gurudumu, nyuma ya valvu, kuna chombo kidogo chenye betri yake. Kinapima upepo na kutuma habari kwa mawimbi, kama redio ndogo. Betri yake inadumu miaka kati ya 5 na 10, kisha inakufa, na mara nyingi chombo chote kinabadilishwa.

Namna ya pili: hakuna chombo ndani ya mpira. Gari linahesabu mizunguko ya kila gurudumu kwa vyombo vya breki. Mpira wenye upepo kidogo unakaa chini kidogo, basi unakuwa mfupi, na ili ufuatane na wenzake unapaswa kuzunguka mara nyingi zaidi. Gari likiona gurudumu moja linazunguka kupita wenzake, linawasha taa. Namna hii ni ya akili, lakini ina upungufu: mipira yote minne ikipungua pamoja, polepole, inaweza kudanganyika.

Na hili ulishike sana: taa haiwaki mapema. Sheria ya Marekani inataka iwake upepo ukiisha kupungua kwa robo nzima. Kama gari lako linataka bari 2,4, taa inaweza kungoja mpaka bari 1,8. Mtu mwenye kusema «taa imewaka leo, nitaweka upepo Jumamosi» anafikiri kwamba hasara ndiyo kwanza inaanza. Sivyo. Imeanza zamani, na taa ndiyo imefika nyuma.

KWA NINI UPEPO KIDOGO UNAUA?

Wewe mtu wa shaba, fanya jaribio hili. Chukua kipande cha waya ya shaba. Kikunje, kikunjue, kikunje, kikunjue, upesi upesi. Kisha gusa pale kinapokunjwa. Ni moto. Endelea kidogo, kitakatika.

Mpira wa gari ni vilevile. Kinachobeba gari si kaoutchouc. Ni upepo uliofungwa ndani yake. Upepo ukitosha, mbavu za mpira zinasimama imara. Upepo ukipungua, mbavu zinakunjwa kila gurudumu linapozunguka. Kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa, gurudumu la gari dogo linazunguka zaidi ya mara 10 katika sekunde moja. Fikiri sasa: mara 10 kila sekunde unakunja na kukunjua, kwa saa nzima. Joto linapanda ndani, pale usipoona. Nyuzi za ndani zinaachana na kaoutchouc. Nje mpira unaonekana mzima kabisa. Kisha, ghafula, mbavu inachanika ao ngozi ya juu inabanduka.

Mambo matatu yanaongeza joto hilo: mbio, mzigo, na jua. Na mambo hayo matatu ndiyo safari zetu za mwisho wa juma.

Tena, mpira uliolegea hauna nguvu ya kusukuma maji. Katika miezi ya mvua, gari linaweza kupanda juu ya maji na kuteleza, usukani ukabaki mikononi kama sinia. Na hata usipopata ajali, mpira unalika upande wa nje na wa ndani, na gari linakunywa mafuta zaidi. Unalipa mara mbili.

USITUMAINIE JICHO

«Mimi ninaangalia mipira yangu kila asubuhi,» unasema. Vizuri. Lakini mipira ya siku hizi, hata ikiwa mizima, inavimba kidogo chini. Mpira wenye bari 2,3 na mpira wenye bari 1,7 vinafanana machoni pa watu wengi. Kupiga teke kwa kiatu hakusaidii. Kinachosema kweli ni kipimo cha upepo peke yake. Kipimo kidogo cha mkono kinaingia mfukoni, na bei yake haifikii hata kidogo bei ya mpira mmoja.

MFANO MMOJA

Tufikiri mfanyakazi mmoja wa Lubumbashi. Jumatatu taa inawaka. Jumanne bibi yake, akiketi kando yake kwenda sokoni, anauliza: «Papa, hii taa ni ya nini?» Anajibu: «Mama, acha tu, gari hili ndiyo tabia yake.» Ijumaa habari ya kilio inafika kutoka Likasi. Jumamosi asubuhi wanapanda: yeye, bibi, mama mkwe, yaya yake, watoto watatu. Nyuma wanapakia mfuko wa unga na sufuria za kilio. Njia ni kilometa 120 hivi, lami nzuri, na wamechelewa. Taa ingali inawaka.

Hesabu pamoja nasi. Mpira mmoja una bari 1,6 mahali pa 2,3. Gari lililotengenezwa kwa watu watano limebeba saba na mzigo. Jua linapanda. Malori ya shaba na ya tindikali yanakuja mbele. Huyu baba hakulewa, hakulala, hana moyo mbaya. Anawapeleka jamaa yake kulia na wenzao. Lakini amechukua hatari ambayo kazini asingeichukua hata kwa dakika 5. Na dawa yake Jumatatu ilikuwa kipimo kimoja na kazi ya dakika 10 kwa kwado.

IKIWAKA NJIANI, UFANYE NINI?

Kwanza, usiogope na usikanyage breki kwa nguvu. Ondoa mguu polepole kwenye mafuta. Shika usukani kwa mikono miwili. Sikiliza: je, gari linavuta upande mmoja? Usukani umekuwa mzito? Unasikia mlio wa kupigapiga?

Pili, tafuta mahali pa kusimama. Pasiwe kwenye kona, wala juu ya kilima, wala juu ya daraja. Toka kabisa kwenye lami kama inawezekana. Washa taa za hatari. Weka pembetatu nyuma, mbali ya kutosha kusudi lori lenye mzigo lipate nafasi ya kupunguza mbio. Watoto washuke upande wa majani, si upande wa njia, na wasimame mbali na gari.

Tatu, zunguka gari. Angalia mipira yote minne. Gusa mbavu kwa mgongo wa mkono, polepole. Mpira uliopotewa na upepo unakuwa na joto kupita wenzake. Tafuta msumari, kipande cha chuma, mkato, ao uvimbe kama jipu. Sikiliza kama kuna mlio wa upepo unaotoka.

Kama mpira umelala, usitembeze gari hata mita 100. Utaukata kwa rimu, na mpira uliokuwa wa kuponywa utakuwa wa kutupwa. Weka gurudumu la akiba. Lakini je, gurudumu la akiba nalo lina upepo? Lipime pamoja na mengine, sababu siku ya taabu ndilo rafiki yako. Gari likae mahali pa sawa, breki ya mkono imefungwa, jiwe chini ya gurudumu la upande mwingine, na mtu asiingize mwili chini ya gari lililo juu ya kriki.

Kama mipira yote imesimama na hakuna jeraha, unaweza kwenda polepole mpaka mahali pa karibu penye kipimo na pompi. Pale karibu, si mwisho wa safari.

Na kama mpira unapasuka ukiwa katika mbio? Shika usukani ubaki sawa, ondoa mguu kwenye mafuta polepole, usiguse breki mpaka gari limelegea lenyewe. Breki ya nguvu wakati huo ndiyo inayopindua gari.

KUPIMA VIZURI

Pima mpira ungali baridi. Maana yake: gari limesimama saa 3 ao zaidi, ao limetembea kilometa 2 ao 3 tu, polepole. Mpira wenye moto unaonyesha upepo zaidi kuliko ulio nao kweli. Tofauti inaweza kufika bari 0,3. Kwa hiyo mpira wenye moto usiupunguze upepo hata ukiona namba imepita. Ukipunguza, kesho asubuhi utakuwa chini.

Namba ya kufuata ni ipi? Fungua mlango wa shofere. Kwenye nguzo ya mlango kuna karatasi iliyobandikwa. Magari mengine wameiweka ndani ya kifuniko cha mafuta. Hapo wameandika upepo wa mbele na wa nyuma, na mara nyingi namba mbili: ya gari tupu na ya gari lililojaa. Siku ya safari na jamaa, fuata ile ya kujaa. Usifuate namba kubwa iliyoandikwa kwenye mbavu ya mpira. Hiyo ni mwisho wa nguvu ya mpira, si upepo wa gari lako. Wala usimwambie kwado: «Weka kilo mbili kama za watu wote.» Kila gari na kipimo chake, kama kila mtu na kiatu chake.

Ukisha kuweka upepo, taa inaweza kubaki ikiwaka kidogo. Kwa magari yenye chombo ndani ya mpira, tembea dakika chache, itazimika. Kwa magari yenye kuhesabu mizunguko, kuna kifungo cha kubonyeza ili gari lijifunze upya. Lakini angalia sana: bonyeza baada ya kuweka upepo mzuri, si mbele. Mtu akibonyeza mipira ikiwa imelegea, analifundisha gari kwamba kulegea ndiyo uzima. Taa inazimika na hatari inabaki. Ni kama kuvunja kipimo cha homa ili mgonjwa apone.

BARIDI YA JUNI NA YA JULAI

Wafanyakazi wa zamu ya asubuhi wanajua: mwezi wa sita na wa saba, saa 11 ya alfajiri, baridi ya Katanga inauma masikio. Wakati huo ndipo taa nyingi zinawaka. Sababu ni kwamba upepo ukipoa unajikunja. Kwa kila digri 10 za joto zinazopungua, mpira wa gari dogo unapoteza kama bari 0,1. Uliyeweka bari 2,2 mchana wa digri 28, asubuhi ya digri 8 una 2,0 tu, bila msumari wowote.

Kisha jua linapanda, mpira unapata joto, na saa 5 taa inazimika yenyewe. Mtu anafurahi: «Imepona!» Haikupona. Baridi peke yake kwa kawaida haitoshi kuwasha taa kama mpira ulikuwa na upepo wake wote. Ikiwaka asubuhi na kuzimika mchana, inakuambia kwamba ulikuwa umekwisha kuwa chini, na baridi imefunua tu. Pima asubuhi yenyewe, uongeze.

TAA YENYE KURUDI

Umeweka upepo, taa imezimika, na baada ya siku 3 imerudi. Usiongeze tu na kwenda. Upepo hautoki bila mlango; tafuta mlango. Chukua povu la sabuni, lile la kufulia nguo, upake juu ya valvu, kwenye kingo za rimu na juu ya ngozi ya mpira. Pale povu linapovimba ndipo tundu lilipo. Mara nyingi ni msumari mdogo, ao valvu iliyozeeka, ao rimu iliyopindishwa na mashimo ya njia. Rudisha pia kifuniko cha valvu. Kinazuia vumbi, na vumbi la huku tunalijua.

Kwa kwado, sema mambo mawili. La kwanza: «Ndani kuna chombo nyuma ya valvu,» kusudi asikivunje kwa chuma chake anapotoa mpira. La pili: mpira utolewe na kuangaliwa ndani, na kiraka kiwekwe kwa ndani. Tundu la ngozi ya juu linaweza kuponywa. Mkato wa mbavu hauponywi. Mpira wenye mkato ao uvimbe wa mbavu umekwisha kazi, hata kama meno yake bado marefu.

Na kama unanunua mpira uliotumika, soma umri wake. Kwenye mbavu, mwisho wa maandiko yanayoanza na DOT, kuna tarakimu 4. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. 3512 maana yake juma la 35 la mwaka 2012. Mpira huo ni mzee. Kupakwa rangi nyeusi hakumrudishi mzee ujana.

Jambo jingine: kama taa inapepesa kwa dakika moja hivi unapowasha gari, kisha inabaki kuwaka, mara nyingi si mpira ulio mgonjwa, ni chombo chenyewe, labda betri imekufa. Hata hivyo pima kwanza, kisha umwone fundi. Mpaka hapo gari lako halina mlinzi, na mlinzi ni wewe.

WATU WENYE KUFUNGA MDOMO WA GARI

Tumesikia watu wakibandika kipande cha plastiki nyeusi juu ya taa, ao kumlipa mtu aikate. Jamaa, mtoto akilia usiku, je, unamfunga mdomo ili ulale? Unaamka na kutafuta kinachomuuma.

KWA MASHOFERE WA KAZI

Wewe mwenye kuendesha basi la wafanyakazi ao pikapu ya kampuni, mbele ya zamu zunguka gari lako na kipimo mkononi. Ukiona upungufu, andika kwenye kitabu cha gari na usitoe gari mpaka limetengenezwa. Watu 40 nyuma yako hawaoni taa, wanakutumainia wewe. Na wewe shefu, shofere akikataa kutoka kwa sababu hiyo, usimwambie kwamba anachelewesha kazi. Amefanya kazi yake.

Kwa mipira mikubwa ya malori, sheria ni kali zaidi. Gurudumu lenye duara la chuma la kufunga halijazwi upepo nje ya ngome yake, na mtu anasimama kando, si mbele yake. Na mtu asichomee rimu kwa moto mpira ukiwa juu yake, hata upepo ukiwa umetolewa. Moto wa rimu unaweza kuwasha gesi ndani ya mpira na kuupasua kama baruti.

KWA JAMAA NYUMBANI

Mama, wewe unayeketi mbele, una haki ya kuuliza taa ile ni ya nini, na kuuliza tena kama jibu ni «acha tu». Watoto, mna macho makali. Mkiona chungu cha njano chenye alama ya mshangao, semeni. Baba, mtoto akisema, usimkaripie. Mshukuru mbele ya wenzake, atasema tena siku nyingine.

Na ninyi msio na gari, mnaopanda taksi na mabasi: kabla ya kuingia, tazameni mipira. Ukiona nyuzi zinatoka, ao mpira umelala, ngoja gari lingine. Nauli yako haikulazimishi kupanda hatari.

KATA, UBANDIKE NDANI YA GARI

1. Taa ya upepo ikiwaka: punguza mbio, simama mahali salama, zunguka gari.
2. Mpira umelala? Usitembeze. Badilisha.
3. Mpira umesimama? Polepole mpaka kwenye kipimo cha karibu.
4. Pima mpira baridi, fuata namba ya mlango, si namba ya mbavu.
5. Taa ikirudi, tafuta tundu.
6. Bonyeza kifungo baada ya kuweka upepo, si mbele.
7. Pima mara moja kwa mwezi na mbele ya kila safari, hata taa isipowaka. Gari lisilo na taa, pima kila majuma 2.
8. Usisahau gurudumu la akiba.

Ndugu mfanyakazi, wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wa mpira unazibwa kwa upepo kidogo na kiraka. Leo, utakapotoka kazini, geuza ufunguo na uangalie taa kabla ya kuwasha mota. Kama inabaki kuwaka, kipimo kwanza, nyumbani baadaye. Huko wanakungoja, nusu saa ya kuchelewa watakusamehe.